Damu ya Siku ya Kwanza

Marselina Mkude alizaliwa Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, mtoto wa nne wa katekista. Mpaka leo, baada ya kukaa pwani karibu miaka thelathini, wenyeji wa Bagamoyo wakimsikia anavyotamka maneno humuuliza kwao ni wapi. Aliletwa na ajira. Alipomaliza chuo cha maabara alipangiwa hospitali moja ya huku, akafika na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba, akidhani atakaa mwaka mmoja kisha aombe uhamisho. Badala yake aliolewa na Hieronimo, mwalimu wa hesabu, mtu wa Ifakara. Wakajenga Zinga, wakampata binti yao Linda, na habari za uhamisho zikafa zenyewe.

Kazi yake ilikuwa kupima. Malaria kwenye darubini, wingi wa damu kwa wajawazito, mkojo, choo, makohozi. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu yake mwenyewe, ambayo alimwambia Hieronimo tu: kwamba mgonjwa huficha, ndugu zake huongeza chumvi, daktari hukisia, lakini damu ukiiweka chini ya kioo inasema ilichonacho basi. Hakupenda kubahatisha. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba Mama Linda hata jua likiwaka utosini atachungulia dirishani kwanza ndipo akubali kuwa ni mchana.

Waliokuwa wakimkosesha raha ni watoto wachanga. Mtu mzima akiugua atasema kichwa, atasema mbavu. Mtoto wa mwaka atalia na kushika tumbo. Mtoto wa siku moja anaacha kunyonya tu. Analegea. Pengine anapata joto, pengine anakuwa baridi, na kati ya mtoto ambaye vijidudu vimeshamwingia kwenye damu na yule aliyechoka kwa uchungu mrefu wa mama yake, macho hayaoni tofauti yoyote mpaka muda umeshapita. Kwa hiyo matabibu walikuwa wakiwachoma sindano karibu wote wanaowatilia shaka, siku saba, asubuhi na jioni, vijiguu vikivimba. Na bado wengine waliwapita. Damu ya kuotesha vijidudu ilipelekwa Dar es Salaam na majibu yalirudi baada ya siku tano, sita. Marselina ndiye aliyekuwa akiyapokea. Akifika nayo wodini mara nyingi alikuta kitanda kina mtoto mwingine.

Mwaka 2021 ukaja mradi. Aliyeuleta alikuwa Daktari Zishan, bingwa wa watoto, kijana wa hapahapa mjini, mtoto wa mzee Kassamali mwenye duka la vyombo. Alikuja na mashine ndogo, nyeupe, inayotoshea juu ya meza ya chai, na maboksi ya vitendanishi, kila kimoja cha kupimia tone moja la damu, yaliyotunzwa kwenye jokofu. Siku ya kwanza aliwakusanya watu wa maabara na wa wodi, akawasalimu wakubwa kwa shikamoo mmoja mmoja, kisha akaanza kueleza.

"Mwili ukivamiwa na vijidudu, ini linatoa protini inaitwa CRP," alisema. "Ndiyo tutakayoipima. Tone moja la kisigino, dakika chache, mashine inakupa namba. Chini ya kumi, hali ya kawaida. Ikipanda juu ya hapo, shaka inakuwa kubwa. Lakini nisikilizeni sana kwenye hili."

Akasubiri mpaka wote wakamtazama.

"Ini halikurupuki. Vijidudu vinaweza kuingia saa hii na namba ikakaa chini kwa saa kumi na mbili, hata siku nzima. Kwa hiyo namba ndogo ya mara ya kwanza haimtoi mtoto hatarini. Pima, rudia baada ya saa ishirini na nne. Mbili zikiwa chini, na mtoto ananyonya, hapo mnaweza kupumua. Moja peke yake si kitu."

Marselina aliandika maneno hayo kwenye daftari lake, akayapigia mstari.

Ule mwaka wa kwanza ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote aliyofanya kazi. Alijifunza kupasha joto kisigino kwa kitambaa ili damu ije, kuchoma pembeni na si katikati, kufyonza tone kwenye kimrija chembamba kama unyasi. Mtoto alilia, mama alifumba macho, na kabla hajamaliza kumfunga nepi namba ilikuwa imeshatoka. Watoto waliokuwa wakichomwa sindano bure walirudi nyumbani siku ya tatu. Wengine, ambao macho yangesema hawana neno, namba ziliwanasa mapema wakapona. Hieronimo anakumbuka kwamba siku hizo mke wake alikuwa akirudi Zinga anaimba.

Mwanahija alijifungua Ijumaa moja ya mwezi wa tano, mwaka 2022, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mke wa fundi seremala wa Kaole anayeitwa Shamsudin, na huo ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Chupa yake ilipasuka Jumatano, akakaa nayo nyumbani siku mbili kwa kuwa uchungu haukuja na barabara ya kwao ilikuwa imejaa maji. Mtoto alikuwa wa kiume, mzito, akalia vizuri. Jumamosi asubuhi akakataa ziwa.

Tabibu wa zamu alikuwa Abdulwahab. Alikuwa peke yake, wagonjwa wa nje wamejaa mpaka kwenye ngazi, na wodi ya wachanga ilikuwa imelaza watoto wawiliwawili kwenye kila kitanda. Aliandika kipimo. Marselina akaenda, akachoma kisigino, akarudi maabara, akasubiri. Mashine ikatoa sita.

Alikuwa bado anaandika majibu alipoona kivuli dirishani. Bibi mmoja mnene kidogo, amejitanda kanga mpya ya kwendea uzazini, alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Alikuwa Bi Kibibi, mama yake Shamsudin.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nimekuja kuuliza habari za mjukuu wangu. Wale wa huko ndani hawanambii kitu, kila mmoja anakimbia na lake. Mama yake analia tu."

Majibu hutolewa na tabibu. Marselina alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amewajibu watu wa dirishani kwa sentensi moja: nenda kwa daktari, atakueleza. Lakini bibi yule alikuwa bado ameshikilia nondo, na kikaratasi kilichoandikwa sita kilikuwa mkononi, na ilikuwa Jumamosi, na mwaka mzima mashine ile ilikuwa imempa habari njema za kuwapa watu.

"Damu yake safi, bibi," alisema. "Msiwe na wasiwasi."

Bi Kibibi alinyanyua mikono akamshukuru Mungu, kisha akamwombea Marselina dua ndefu, yeye na kizazi chake, mpaka Marselina akaona haya. Halafu akaenda zake wodini, na Marselina akaendelea na kazi.

Kwenye fomu alikuwa ameandika inavyotakiwa: sita, rudia baada ya saa ishirini na nne. Abdulwahab aliisoma. Wauguzi waliokuwepo wanasema alisita. Alimgeuza mtoto, akamwangalia macho, akamwambia mama amwekee ziwa mdomoni, na mtoto akanyonya mara tatu nne akaacha. Bi Kibibi akamwambia kwamba mama wa maabara amesema damu safi. Mlangoni walikuwa wamesimama wanawake wawili waliotoka kuzaa wakisubiri nafasi ya kulaza watoto wao. Abdulwahab akaandika ruhusa, akawaambia wamrudishe Jumapili kupimwa tena.

Jumapili mvua ilinyesha tangu alfajiri. Hawakuja. Marselina alikuwa kanisani, na baada ya misa akaenda kwenye kikao cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na mtoto yule hakumjia akilini hata mara moja.

Walikuja Jumatatu saa mbili asubuhi. Mtoto alikuwa na rangi ya majivu, tumbo limejaa, anapumua kwa kukoroma. Marselina alipomshika kisigino alikikuta cha baridi, na damu ilikuwa nzito kutoka. Namba ilikuwa mia moja sitini na mbili. Alikimbia nayo mwenyewe wodini. Walikuwa wameshamwekea sindano na oksijeni, Daktari Zishan amepigiwa simu na yuko njiani. Saa tano mtoto akakata roho. Hakuwa ametimiza siku saba, kwa hiyo alikuwa hajapewa jina. Shamsudin alimbeba mwenyewe mikononi mpaka kwenye gari la jirani, na alasiri wakamzika Kaole.

Kikao kilifanyika Ijumaa. Daktari Zishan hakupandisha sauti. Aliweka faili mezani, akasoma: sita, rudia baada ya saa ishirini na nne. "Imeandikwa," alisema. "Mama Linda kaandika kwa wino. Sasa nani aliona sita akamruhusu?"

Abdulwahab akasema ni yeye.

"Kwa nini?"

"Wodi ilikuwa imejaa, daktari. Na mtoto alinyonya kidogo."

Marselina alisubiri aseme lile la pili, la damu safi. Alimtazama usoni akisubiri. Abdulwahab naye alimtazama, mara moja, kisha akageuza macho kwenye faili. Hakusema. Kimya kilichofuata hapo kilikuwa kirefu kiasi cha kumtosha Marselina kufungua mdomo, na hakuufungua. Mwezi haukuisha Abdulwahab akahamishiwa zahanati moja ya mbali kule bara, akaondoka bila kuaga maabara.

Siku ya tatu ya msiba Marselina alikuwa amekwenda Kaole na wauguzi wawili. Alivua viatu, akaketi mkekani kati ya wanawake. Alikusudia kusema. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Lakini Bi Kibibi alipomwona aliinuka, akamshika mabega, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye mama aliyenipa moyo siku ile. Hospitali nzima ni huyu peke yake aliyezungumza na mimi kama mtu." Wanawake wakampa pole na shukrani. Akaletewa kahawa. Mwanahija alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha chumba cha pili, mgongo kwa mlango, maziwa yamemjaa yanamwagika, kifua kimefungwa kitambaa. Marselina alikunywa kahawa mpaka ikaisha.

Tangu hapo akabadilika. Wimbo ulikwisha. Watu wa dirishani walirudishiwa sentensi ile ya zamani, na safari hii bila kuwatazama. Kurudia kipimo kukawa kama ugonjwa kwake. Alijiwekea orodha ya watoto wote waliopimwa mara moja, akawafuata mwenyewe wodini na kimrija chake, Jumapili pia, sikukuu pia. Mama akiruhusiwa kabla ya kipimo cha pili, Marselina alimfuata mpaka getini. Mara mbili alikwenda kwa bajaji nyumbani kwa watu, akachoma kisigino sebuleni. Hieronimo akamwambia, "Mama Linda, unajiua. Kuna nini?" Akamjibu kuwa ni taratibu za mradi. Mwaka ule aliacha kukomunika kanisani, na mumewe alidhani wana ugomvi na paroko.

Mradi uliisha mwezi wa tisa, 2023. Daktari Zishan alileta keki, akatoa vyeti, akasema matokeo yataandikwa na yatasomwa na wakubwa. Mashine aliiacha iwe mali ya hospitali. Vitendanishi vilivyobaki vilikuwa maboksi manne. Marselina aliandika barua ya kuomba vingine, akajibiwa kuwa kipimo hicho hakimo kwenye orodha ya vinavyoagizwa kwa hospitali ya ngazi yao. Aliandika tena, akajibiwa vilevile na tarehe mpya. Daktari Zishan alikuwa ameshapata kazi nje ya nchi. Mwanzoni alipokea simu. Baadaye alijibu kwa ujumbe mfupi wenye maneno mazuri. Wodini wakarudia kukisia kwa macho kama zamani, ila safari hii Marselina alijua wanachokosa.

Boksi la mwisho hakulimaliza. Vilibaki vitendanishi sita, akaviweka nyuma kabisa ya jokofu. Hakujua anamwekea nani. Muda wake wa matumizi ulipita, akaviacha palepale.

Mwanahija alirudi mwezi wa pili, 2025. Alikuwa amenenepa kidogo na kupoteza ule usichana wa uso. Hakusubiri kuitwa. Siku ya pili baada ya kujifungua alikuja mwenyewe dirishani, anatembea kwa kujishika ukuta, mtoto wa kike amemlaza begani, amemfunika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Marselina alimtambua kabla hajamaliza salamu.

"Hanyonyi, mama. Tangu alfajiri. Nimewaambia kule wanasema tusubiri tuone. Mimi sisubiri. Wewe una ile mashine. Nipimie."

Kanuni zilisema kitendanishi kilichopitwa na muda kisitumike. Marselina alikitoa, akakijaribu kwanza kwa damu yake mwenyewe kuona kama mashine bado inasoma, ikasoma. Kisha akapasha joto kisigino cha yule mtoto. Namba ilikuwa themanini na nane.

Alipanda nayo wodini akiwa ameishika mkononi kama cheti. Daktari wa zamu, dada mmoja mwepesi na mwelewa anayeitwa Vaileth, hakubisha. Nusu saa haikupita mtoto alikuwa na mrija mkononi na dozi ya kwanza ya ampisilini na jentamaisini imeingia. Damu ya kuotesha ilichukuliwa, ikapata gari la kwenda Dar mchana uleule. Kila kitu kilifanyika mapema, kwa mpangilio, kama alivyofundisha Zishan. Marselina alikaa kwenye benchi la nje ya wodi, akajiruhusu kufikiri kwamba labda huyu ndiye aliyekuwa anamwekea.

Kesho yake alipima tena. Mia moja ishirini na moja.

"Inaweza kupanda kidogo kabla ya kushuka," alisema Vaileth. "Dawa ina siku moja tu."

Siku ya tatu ilikuwa mia moja hamsini na nne. Mtoto alianza kutapika kijani. Vaileth akabadilisha dawa, akaweka ile yenye nguvu kuliko zote zilizomo kwenye stoo. Siku ya nne mia moja tisini. Siku hiyo Dar wakapiga simu kabla ya karatasi: kimeota kijidudu sugu, na dawa zote tatu walizokuwa nazo hakizisikii. Ipo moja ambayo pengine kingeisikia. Bagamoyo haikuwapo. Vaileth alipiga hospitali tatu za Dar kuomba kitanda cha mtoto mchanga. Mbili zilisema hakuna, ya tatu ikasema wasubiri, atapigiwa. Shamsudin alitumwa mjini kuzungukia maduka yote ya dawa na jina limeandikwa kwenye kikaratasi. Alirudi nalo kama lilivyo.

Marselina aliendelea kupima. Mtu angeuliza alikuwa anapima nini, kwa sababu jibu lilikuwa limeshajulikana tangu siku ya tatu. Ila kila asubuhi Mwanahija alikuwa akimsubiri mlangoni, anamfungulia mtoto miguu mwenyewe, anakishika kisigino kitulie. Kisha anauliza, "Ngapi?" Na Marselina, aliyeapa kutomtajia tena mtu yeyote majibu, alikuwa akimwambia.

Siku ya tano asubuhi kitendanishi kilikuwa kimebaki kimoja. Hakukitumia. Alipoingia wodini alikuta pazia limefungwa na Vaileth anaandika. Mtoto alikuwa amekufa saa moja na robo. Ile hospitali ya tatu haikupiga.

Mwanahija alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, akingoja Shamsudin na wanawake wa kwao waje. Alikuwa halii. Marselina aliketi chini karibu naye, kwa shida, kwa ajili ya magoti. Kisha ndipo lile neno la miaka mitatu lilipomtoka, lenyewe, bila mpangilio wowote.

"Yule mtoto wa kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia mama mkwe wako damu safi. Namba ya siku ya kwanza haitoshi, nilikuwa najua haitoshi. Nilikuwa nimefundishwa. Nikasema."

Mwanahija hakugeuka. "Mama aliniambia kuwa umesema," alijibu. "Hakunambia kwamba ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Sasa habari hiyo niifanye nini, mama?"

Mwanahija akauliza tena.

"Yule angepimwa mara ya pili, angepona?"

"Sijui. Huenda."

"Na huyu alipimwa kila siku."

"Ndiyo."

"Na wewe kila siku ulikuwa unajua."

"Tangu siku ya tatu."

Mwanahija alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia ya kufika mahali asipokwenda. Kisha akaomba maji ya kunywa. Marselina akainuka kumletea, na aliporudi na kikombe wanawake wa Kaole walikuwa wameshaingia, wamemzunguka, wamemfunika. Bi Kibibi hakuwamo. Alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Hakukuwa na mtu wa kumpokea kikombe, akakiweka dirishani.

Wiki iliyofuata alitafuta namba ya Abdulwahab, akampigia. Alikuwa bado yuko kwenye ile zahanati ya bara. Alifurahi kumsikia, akauliza habari za Linda, habari za mwalimu. Marselina akamwambia kwamba siku ile ya kikao alipaswa kusema na hakusema, na kwamba anataka kumwandikia mganga mkuu hata leo, jina lake Abdulwahab lisafishwe.

"Usijisumbue, Mama Linda."

"Ulinifichia. Nami nikakuacha ubebe."

"Sikukufichia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, imechoka kidogo. "Hata usingesema kitu ningewaruhusu. Nilikuwa na watoto wawili mlangoni hawana pa kulala, mmoja hapumui vizuri. Ilibidi mtu atoke. Nilimtoa aliyekuwa na sita. Mimi sikutaja maneno yako kwa sababu hayakubadili kitu."

Alisema hivyo kwa wema, ili ampunguzie. Marselina alimshukuru, akakata simu, akabaki amekaa ukumbini na simu mapajani mpaka Hieronimo alipomuuliza kama kuna mtu amefariki. Ndipo akamweleza yote, tangu Jumamosi ile. Hieronimo alisikiliza bila kumkatiza. Mwishowe alisema kwamba kwa hesabu yoyote anayoijua yeye, kosa lile haliwezi kuwa lake peke yake. Alitaka kumfariji. Lakini kwa miaka mitatu Marselina alikuwa ameishi akiamini kwamba sentensi moja ilimuua mtoto na kwamba mtu akijichunga ulimi, akirudia kipimo, akifika mapema, watoto hawatakufa. Sasa hata hilo hakuwa nalo.

Mwanahija na Shamsudin waliachana kabla mwaka haujaisha. Hakuna aliyegombana na mwenzake, ila nyumba iliwashinda. Mwanahija amerudi kwa wazazi wake Mlingotini, anashona nguo. Marselina alisikia hayo kwa muuguzi mmoja anayetoka huko. Hajaenda kumwona. Aliwahi kufika mpaka njia panda, akarudi.

Amebakiza miaka mitatu kustaafu. Bado anafika kazini saa moja na nusu, anavaa koti, anawasha darubini. Vaileth ameandika barua tatu kuomba vitendanishi na dawa ile iliyokosekana, na anaamini ya nne itajibiwa. Marselina alimsaidia kuisahihisha. Hakumwambia kwamba maneno yake mengi yalikuwa yaleyale aliyowahi kuyaandika yeye.

Jumanne iliyopita muuguzi mgeni, aliyeripoti wiki hiyohiyo, alileta fomu kutoka wodi ya wachanga. Mtoto wa kiume, siku ya kwanza, hanyonyi, chupa ilipasuka mapema. Kwenye sehemu ya vipimo alikuwa ameandika CRP kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa chuoni. Marselina alimuuliza jina la mtoto, muuguzi akasema hajapewa. Akachukua kalamu, akaandika pembeni: hakuna vitendanishi. Kile kimoja kilichobaki nyuma ya jokofu hakukitaja. Akamrudishia fomu, akamwita mgonjwa aliyefuata.